Digrii ya Usafi wa Meno: Uliza Inafungua Mlango Gani Kabla Ulipe

Wacha niseme mapema ndio tusimalizane bando. Digrii ya usafi wa meno ni kitu poa. Lakini kazi yenyewe inatoka kwa leseni, na leseni na digrii ni vitu viwili tofauti. Usipojua hiyo tofauti, mzazi anaweza uza shamba bure.

Kila KCSE ikitoka, inboksi yangu hujaa swali moja kwa sura tofauti tofauti: "Buda, nimepata C plain, ni kozi gani itanitoa majuu?" Unesi kila mtu anaujua. Kutunza wazee pia, maana karibu kila familia iko na shangazi Texas ama Minnesota anafanya hiyo kazi. Sasa mambo ya meno nayo yameanza kuzunguka. Mtu anaona video ya Mmarekani anayesafisha meno akionyesha mshahara wake, anaguglu, anakutana na digrii ya usafi wa meno inayosomwa yote mtandaoni. Anapiga hesabu ya haraka: hii naweza imaliza nikiwa kwa bedsita Roysambu, halafu nipande ndege.

Hapo ndio nataka tusimame kidogo.

Kwanza, kazi yenyewe

Huyo mtaalamu wa usafi wa kinywa Wamarekani wanamwita haijinisti. Ukienda kliniki ya meno kule kwa ile ziara ya kawaida, huna jino linalouma, ni muda tu umefika, huyo ndiye anakaa na wewe karibu muda wote. Daktari anaingia mwisho mwisho, anacheki, anatoka. Haijinisti anakupiga eksirei, anaangalia ulimi na mashavu kama kuna dalili za saratani, anapima fizi kwa kijiti cha chuma chenye alama za milimita. Anakiingiza polepole kati ya jino na ufizi. Kikizama milimita 1 hadi 3, uko sawa. Kikifika 4 kwenda juu, ufizi umeanza kuachana na jino, na hapo kuna kazi.

Halafu anatoa ukoga. Ukoga unaanza kama utando laini wa bakteria, ule unausikia kwa ulimi ukiamka. Huo mswaki unautoa. Ukiuacha, madini ya mate yanaugandisha mpaka unakuwa mgumu kama ule uchafu mweupe wa ndani ya birika, na ukifika hapo hata upige mswaki mpaka mkono uchoke hautoki. Lazima mtu aukwangue kwa chuma chenye ncha, jino baada ya jino, mpaka chini ya ufizi, bila kukuumiza. Anamaliza wewe, anaita mwingine, siku nzima, shingo imeinama na kiganja kinarudia mwendo ule ule. Maumivu ya shingo, mgongo na mikono ni kitu cha kawaida kwa watu wa hii kazi. Ile video ya mshahara haikuonyeshi hiyo sehemu.

Nimekueleza yote haya kwa sababu moja tu: hii ni kazi ya mikono. Huwezi fundishwa kukwangua ukoga kwa Zoom.

Ngazi yao imepangwa aje

Enyewe, hii kazi ilianza bila mambo ya digrii. Kulikuwa na daktari wa meno anaitwa Alfred Fones, mji wa Bridgeport, jimbo la Connecticut, aliyeamini kuzuia ugonjwa ni bora kuliko kuungoja. 1906 alianza kumfundisha msaidizi wake Irene Newman, ambaye pia alikuwa binamu yake, kusafisha meno ya wagonjwa. 1913 akafungua shule. Waliotoka hapo wakaingia kwa shule za msingi za mji huo, wakasafisha meno ya watoto na kuwafundisha kupiga mswaki. Newman akapata leseni ya Connecticut 1917. Ujuzi ulitangulia, leseni ikafuata, na digrii za chuo kikuu zikaja baadaye, kazi yenyewe ikiwa tayari imesimama.

Mpaka leo mpangilio huo haujapotea. Njia ya kawaida ya kuwa haijinisti Marekani ni digrii ndogo, wanaiita asosieti, na nyingi ziko kwa vyuo vya jamii ambavyo bei yake iko chini ya vyuo vikuu. Ni kama miaka 2 hadi 3. Lakini usidhani ni mteremko. Kabla wakuchukue unatakiwa uwe umepita masomo kama kemia, mikrobiolojia na yale ya mwili wa binadamu, tena upite vizuri, kwa sababu nafasi ni chache na wanaozitaka ni wengi. Ukiingia, unakaa kliniki ya chuo ukisafisha meno ya watu wa kweli, na mara nyingi wewe mwenyewe ndio unatafuta hao wagonjwa. Unaanza kubembeleza majirani, mashemeji, watu wa kanisa: "Si ukuje tu nikuoshe meno."

Ukimaliza, kuna mtihani wa kitaifa wa maswali 350. Kuna mtihani wa mikono. Halafu jimbo unalotaka kufanyia kazi linakupa leseni, na majimbo mengi yanakuongezea mtihani wa sheria zake. Ukihamia jimbo lingine, unaomba tena huko.

Njia ya pili ni vyuo vikuu kama University of Michigan, ambavyo vinakufundisha hiyo kazi ndani ya digrii kamili. Ukimaliza unafanya mtihani ule ule wa kitaifa na unapata leseni ile ile. Mgonjwa akilala kwa kiti hatakuuliza kama uko na asosieti ama digrii, anataka tu usimtoboe ufizi. Na idara ya takwimu za kazi ya Marekani ikisema mshahara wa katikati wa haijinisti ulikuwa dola 94,260 kwa mwaka, hesabu ya Mei 2024, imewaweka hawa wote kwa kapu moja. Hiyo ni kama shilingi milioni 12 zetu, na ndio, najua macho yamekutoka. Lakini toa kodi, toa nyumba, toa bima, na kumbuka wengi wao hawafanyi siku tano kwa wiki. Idara hiyo hiyo inasema elimu ya kawaida ya kuingilia hii kazi ni asosieti. Asosieti, wasee. Digrii haijatajwa hapo.

Njia ya tatu ndio hii inawachanganya watu. Ni digrii ya kukamilishia. Imetengenezewa mtu ambaye tayari ni haijinisti: asosieti iko, leseni iko, na pengine amekuwa akifanya kazi miaka mingi. Mambo ya kushika chuma alishamaliza, kwa hivyo anasoma jioni mtandaoni akitoka kazini. Ndio maana hii inaweza somwa yote kwa laptopu. Si utapeli, ni programu nzuri kwa watu wake. Shida ni wewe wa Roysambu huna hiyo leseni ambayo digrii inakuja kukalia juu. Ukisoma yale masharti ya kujiunga, kule chini ambako hakuna mtu hufika, utapata imeandikwa wazi: lazima uwe na leseni ama uwe umemaliza programu iliyoidhinishwa.

Sasa digrii ni ya nini?

Ni swali la haki, na jibu lipo. Haijinisti mwenye digrii anaweza fundisha chuoni. Anaweza ingia afya ya umma, aende kupanga miradi ya meno ya watoto wa shule badala ya kusafisha mdomo mmoja mmoja. Anaweza fanya utafiti, afanye kazi na kampuni za vifaa vya meno, ama aende masters. Minnesota ilipitisha sheria 2009 ya kuruhusu tabibu wa meno, mtu aliye katikati ya haijinisti na daktari, ambaye anaweza jaza meno. Hapo bila digrii huingii. Pia kuna jambo la mwili: huwezi kwangua ukoga mpaka uwe na miaka 60 bila mgongo kulalamika, na digrii inakupa mahali pa kwenda mikono ikichoka.

Kwa hivyo ukiniuliza, huyo haijinisti wa miaka kumi anayesoma usiku anajua anachofanya. Amejiuliza "nataka kufundisha, mlango huo unataka nini?" na jibu likawa digrii. Anailipia na mshahara. Sisi huku tunafanya kinyume. Tunaanza na digrii, tunakopa HELB, halafu tukiwa na karatasi mkononi ndio tunaanza kuuliza mlango uko wapi.

Kama bado unataka kwenda

Sikukatazi. Nakuambia tu vitu ambavyo huenda wakala hatakuambia.

Moja. Karibu majimbo yote yanataka uwe umesomea programu iliyoidhinishwa na CODA, lile shirika la Marekani linalokagua shule za meno. Cheti cha kwingine, hata kama ni kizuri aje, kawaida hakikupi leseni ya haijinisti. Kwa hivyo swali la kwanza kuuliza chuo chochote ni hili: "Programu yenu imeidhinishwa na CODA, na nikimaliza nitaruhusiwa kufanya mtihani wa kitaifa?" Wakianza kuzunguka mbuyu, toka hapo.

Mbili. Ukienda na visa ya mwanafunzi, muhula ukiendelea unaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki, tena ndani ya chuo. Ile stori ya "nitajilipia karo nikifika" haiwezekani kwa hesabu hizo. Na yale masomo ya mwanzo hayana uhakika wa kukuingiza kwa programu. Unaweza maliza mwaka mzima wa kemia na mikrobiolojia ukilipa karo ya mgeni, halafu unyimwe nafasi. Piga hesabu ya hiyo hatari kabla babako auze shamba, si baada.

Tatu. Marekani si dunia nzima. Uingereza haijinisti wengi siku hizi husomea digrii ya miaka 3 inayochanganya usafi na tiba ya meno. Uholanzi ni digrii ya miaka 4. Huko walipanga digrii na ujuzi viingie mlango mmoja, na pia waliwapa hao watu nguvu zaidi. Uingereza, tangu 2013, mgonjwa anaweza enda moja kwa moja kwa haijinisti bila kupitia kwa daktari kwanza. Kwa hivyo mtu akikuambia digrii haina maana popote, naye anakudanganya. Inategemea sheria ya mahali unapoenda, na hiyo sheria unaweza isoma mwenyewe kabla ulipe mtu yeyote.

Turudi nyumbani

Hapa ndio naumwa zaidi. Huyu mtu wa C plain anayetaka kuruka bahari kusafisha meno ya Wamarekani, je, anajua kuna kazi inayofanana sana na hiyo hapa hapa? KMTC iko na diploma ya miaka 3 ya afya ya kinywa ya jamii. Unaingia na C plain, ukiwa na alama zinazotakiwa kwa masomo kama Bailojia. Ukitoka unajulikana kama afisa wa afya ya kinywa, unasajiliwa na KMPDC, baraza lile lile linalosajili madaktari. Unafundisha watu, unasafisha meno, unajaza na kung'oa kwa kesi rahisi. Ukiangalia vizuri, kuna vitu huyu ameruhusiwa kufanya ambavyo haijinisti wengi wa Marekani hawaruhusiwi.

Lakini mwambie shangazi yako kwa harusi kwamba unasomea hiyo. Atauliza, "Na ulikosa points za udaktari?" Kwetu meno ni daktari wa meno, miaka 5 ya chuo na mwaka wa mafunzo hospitalini, ama uonekane umefeli maisha. Diploma tunaichukulia kama zawadi ya pole.

Na huko nje mambo ni mabaya. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 ulipata asilimia 98 ya watu wazima waliopimwa wanatoka damu kwa fizi. Yaani hapo ulipo, huyo amekaa na wewe kwa matatu, na wewe mwenyewe, mko ndani. Fizi kutoka damu si ugonjwa wa kungoja daktari mwenye miaka sita ya masomo. Mara nyingi ni ukoga. Unataka mtu wa kukwangua, akuonyeshe kupiga mswaki, akuite tena. Lakini sisi tunajua safari moja tu ya kliniki ya meno, ile ya usiku haukulala, shavu limefura, na unaenda kung'olewa.

Ama chukua mambo ya meno ya kahawia. Kama umekulia Nakuru ama sehemu zingine za Bonde la Ufa, unajua utani wake, na unajua jinsi mtu hufunika mdomo akicheka. Ile rangi ni floridi iliyozidi kwa maji, na inaingia kwa jino wakati jino bado linaumbika utotoni. Huwezi ikwangua kama ukoga, hata ununue dawa ya meno ya mkaa ya wale watu wa TikTok. Kitu kinasaidia ni mtu kufika kwa mama mapema na kumwambia maji ya kisima hiki usimpe mtoto, tafuta ya mvua. Hiyo ndio kazi Fones aliwatuma watu wake kufanya Bridgeport zaidi ya miaka 100 iliyopita: kufika kwa mtoto kabla shida haijafika.

Sasa, siwezi kukudanganya kwamba ukimaliza hiyo diploma kaunti inakungoja na barua. Tunajua wahudumu wa afya wangapi wako mtaani na vyeti. Hiyo ni vita nyingine na inafaa kupiganwa. Lakini ningependa tupigane ile vita badala ya kujifanya hii kazi haipo. Na ningependa ngazi iwekwe wazi: mtu aanze na diploma, apate usajili, afanye kazi, na akitaka kufundisha ama kusimamia miradi ya kaunti, apate njia nyepesi ya kupanda mpaka digrii bila kuanza upya kama mtoto wa Fom Foo. Marekani, pamoja na matatizo yao yote, hilo walilipanga.

Najua kuna mtu tayari anaandika, "Wewe uliacha chuo, unatuambia nini kuhusu digrii?" Ni kweli niliacha. Na sijawahi kuambia mtu aache. Nikiwa huko nilikaa na watu wengi wenye akili ambao hakuna hata mmoja wetu aliweza kusema ile kozi ingetupeleka wapi. Ndio maana hili swali nalichukulia kwa uzito. Mtu anayetaka kuwa haijinisti iko na bahati moja ambayo sisi hatukuwa nayo: kwa hii kazi, jibu limeandikwa kwa sheria. Unaweza lipata kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Kwa hivyo kabla utume pesa ya fomu, chukua karatasi uandike vitu vitatu. Nataka kufanyia kazi wapi? Sheria ya huko inataka cheti gani ndio inipe leseni? Na hii kozi ninayolipia, inanipa hicho cheti ama inanipa kingine tu chenye jina linalofanana? Kama hilo la tatu huwezi jibu kwa sentensi moja, weka pesa mfukoni kwanza.

Na kama uko KMTC sahii unasomea afya ya kinywa, ama umemaliza na unatafuta kazi, niandikie hapo chini. Niambie posho, niambie kaunti yako imeajiri wangapi, niambie venye watu wanakuangalia ukisema kozi yako. Hiyo ndio posti nataka kufanya inayofuata, na siwezi ifanya bila nyinyi.